Unaishi Kentucky, umeajiriwa Indiana, umeumia Illinois: fidia udai wapi?

Swali la msomaji wa Louisville, Kentucky: "Ninaendesha trela kwa kampuni yenye makao yake Indianapolis. Waliponiajiri walinipigia simu nikiwa nyumbani Louisville, tukakubaliana malipo kwa maili, kisha nikaenda kwao kwa mtihani wa barabarani na kipimo cha dawa za kulevya. Ninalipwa kwa W-2, yaani kama mwajiriwa wa kampuni. Mwezi Machi, nikishusha mzigo kwenye ghala la mteja huko Joliet, Illinois, mfanyakazi wa ghala alirudisha foklifti nyuma bila kuangalia, paleti ikanibana bega la kulia. Nimeshafanyiwa upasuaji. Siku ileile nilimwarifu dispacha, yaani mpangaji wa safari zetu. Bima ya kampuni inanilipa kila wiki na inasema kesi yangu ni ya Indiana. Wenzangu wengine wananiambia nidai Illinois, wengine Kentucky. Nimetumiwa karatasi za kusaini. Je, nidai jimbo gani? Na ikiwa bima ya kampuni haikuitaja Illinois, nitalipwa na nani?"

Jibu:

Pole sana, ndugu yangu. Nianze na lile unalolihitaji haraka. Illinois inaweza kulipokea dai lako kwa sababu ajali imetokea ndani ya mipaka yake. Indiana nayo inaweza kulipokea, na ndiyo maana umeanza kulipwa. Kentucky inategemea maelezo ambayo hujayataja kwenye swali lako, nami nitayaeleza hapa chini. Malipo ya kila wiki unayopokea sasa, peke yake, hayajakufungia mlango wa Illinois. Kinachoweza kuufunga, au kuufanya uwe mgumu kufunguka, ni saini yako kwenye karatasi ambayo hukuelewa maana yake. Kwa hiyo karatasi hizo ziweke kwanza mezani mpaka umalize kusoma.

Wasomaji wengi waliokulia Afrika Mashariki huanza na dhana ambayo kwao ilikuwa sahihi. Tanzania Bara, kwa mfano, ina Mfuko mmoja wa Fidia kwa Wafanyakazi, na aliyeajiriwa Mwanza akaumia Mtwara anashughulikiwa na mfuko uleule kwa sheria ileile. Marekani haina mfumo wa namna hiyo kwa wafanyakazi wa sekta binafsi kwa jumla. Serikali kuu imejiwekea makundi machache tu, kama watumishi wake yenyewe, wafanyakazi wa reli, na wale wa bandarini na melini. Wengine wote wako chini ya sheria za majimbo, ambazo zilitungwa moja moja kuanzia mwaka 1911, Wisconsin ikiwa miongoni mwa majimbo ya kwanza, hadi mwaka 1948 Mississippi ilipokuwa jimbo la mwisho kujiunga. Kila jimbo lina kiwango chake cha malipo, muda wake wa kudai, utaratibu wake wa kumpata daktari, na chombo chake cha kusikiliza mashauri. Dereva wa masafa marefu, anayevuka majimbo matatu kabla ya chakula cha mchana, ndiye anayeumizwa zaidi na mgawanyiko huo, lakini mara nyingine ndiye pia anayeweza kunufaika nao.

Jimbo hupata mamlaka juu ya dai la mfanyakazi kwa kushika kitu fulani katika ajira yake. Vitu vinavyoshikwa mara nyingi ni vitatu: mahali ajali ilipotokea, mahali mkataba wa ajira ulipofungwa, na mahali ambapo ajira yenyewe imejikita, yaani kituo ambacho mfanyakazi hufanyia kazi au huanzia kazi zake kwa kawaida. Mwaka 1972 Tume ya Taifa iliyochunguza sheria za fidia za majimbo ilipendekeza kwamba mfanyakazi aachiwe achague mwenyewe miongoni mwa majimbo hayo matatu. Majimbo mengi yalilifuata pendekezo hilo kwa kiasi, kila moja likiongeza masharti yake. Utaona kwamba makazi ya mfanyakazi hayamo kwenye vitu hivyo vitatu. Anayekwambia "udai Kentucky kwa sababu ndiko unakoishi" ametoa sababu ambayo, ikisimama peke yake, haitoshi.

Kwamba majimbo mawili yanaweza kuwa na haki juu ya ajali moja si jambo la kubuni la mawakili. Mahakama Kuu ya Marekani ililitolea uamuzi mwaka 1935, katika shauri la mfanyakazi asiye raia aliyesaini mkataba San Francisco akaenda Alaska kufanya kazi ya msimu wa samaki, akaumia huko, kisha akadai fidia California. Mkataba wake ulikuwa na kifungu kilichosema wazi kwamba sheria ya Alaska ndiyo itakayotumika. California ilikuwa na sheria inayokataza mfanyakazi kuachilia haki zake kwa mkataba, ikamlipa kwa viwango vyake, na Mahakama Kuu ikaikubalia. Miaka minne baadaye, mwaka 1939, Mahakama hiyohiyo iliulizwa kuhusu mfanyakazi wa Massachusetts aliyetumwa California kwa muda na kuumia huko. Kampuni ya bima ilisema sheria ya Massachusetts pekee ndiyo inayohusika. Mahakama ikasema jimbo ambamo mtu ameumia lina maslahi yake halali, na halilazimiki kuiachia nafasi sheria ya jimbo jingine. Mashauri haya mawili yana umri wa bibi zetu, lakini hadi leo ndiyo msingi wa hali yako: lile la kwanza linahusu mahali pa mkataba, la pili mahali pa ajali.

Sasa tuyapitie majimbo yako. Kwa Illinois sina mengi ya kubishana. Sheria yake inamhusu mtu aliyeumia ndani ya Illinois hata kama mkataba wake ulifungwa kwingine, na pia aliyeumia nje yake ikiwa mkataba ulifungwa Illinois au ajira imejikita huko. Wewe unaingia kwa mlango wa kwanza. Taarifa kwa mwajiri inatakiwa itolewe ndani ya siku 45, na inakubalika hata kwa mdomo. Ulimwarifu dispacha siku ileile, basi hapo huna deni. Muda wa kufungua dai ni miaka 3 tangu ajali, au miaka 2 tangu malipo ya mwisho ya fidia, kwa kuchukua ule unaoishia mbali zaidi.

Indiana nayo iko wazi. Sheria yake humfunga mwajiri na mfanyakazi wake iwe ajali imetokea ndani ya jimbo, katika jimbo jingine, au hata nchi ya nje. Muda wa kudai ni miaka 2. Afisa wa madai wa kampuni ya bima hasemi uongo anaposema Indiana inahusika. Tatizo liko kwenye lile analoliacha bila kulisema, yaani kwamba kuhusika kwa Indiana hakuiondoi Illinois.

Kentucky ndiyo ngumu, nami nitakaa hapo kidogo kwa sababu madereva wengi wa Louisville wana hali kama yako. Ajali ikitokea nje ya Kentucky, sheria yake huuliza kwanza ajira imejikita wapi. Ikiwa mwajiri ana kituo cha biashara katika jimbo fulani, nawe hufanya kazi hapo au huanzia hapo mara kwa mara, ajira yako imejikita katika jimbo hilo. Kwa hiyo kama unachukua trela kwenye yadi ya Indianapolis kila Jumatatu na kuirudisha hapo, ajira yako ni ya Indiana, na kwa kuwa sheria ya Indiana inamfunga mwajiri wako, Kentucky itakuambia urudi ulikotoka. Lakini wapo madereva ambao lori hulala karibu na nyumbani kwao, mizigo hupangiwa kwa simu, na Indianapolis waliiona siku za mwanzo tu. Kwa dereva wa namna hiyo, sheria hutazama jambo la pili: je, sehemu kubwa ya muda wake wa kazi inapita katika jimbo anakoishi? Ikiwa sivyo, kwa sababu anazunguka majimbo mengi bila moja kuwa na uzito, basi ajira yake haijajikita popote, na hapo Kentucky itampokea endapo mkataba wake ulifungwa Kentucky.

Hapo ndipo ile simu ya Louisville inapopata thamani. Kanuni inayofuatwa na mahakama nyingi ni kwamba mkataba hufungwa pale tendo la mwisho la kuukamilisha lilipofanyika, na kwa mkataba wa simu tendo hilo kwa kawaida ni neno la kukubali. Uliposema "nimekubali" ukiwa sebuleni kwako, una hoja kwamba mkataba ulizaliwa Kentucky. Kampuni itajibu kwamba ulikuwa bado hujaajiriwa mpaka ufaulu mtihani wa barabarani na kipimo, na hayo yalifanyika Indiana. Mahakama za majimbo mbalimbali zimegawanyika: baadhi huona mitihani hiyo kuwa masharti ndani ya mkataba ambao tayari upo, nyingine husema hakuna mkataba kabla ya kufaulu. Mara nyingi kinachoamua ni maneno madogo. Ujumbe wa simu unaosema "umeajiriwa, njoo Jumatatu kwa taratibu za kuanza kazi" ni tofauti kabisa na unaosema "njoo Jumatatu, ukifaulu tutakuajiri". Rudi nyuma kwenye simu yako uutafute ujumbe huo, uupige picha pamoja na tarehe yake.

Hata hivyo, kwa maoni yangu, hoja ya Kentucky uiweke akiba. Ni hoja yenye ubishi, na huna sababu ya kuanza na ubishi wakati Illinois inakupokea bila kukuuliza simu ulipokelea wapi. Ingekuwa umeumia jimbo ambalo linakataa wageni wa muda, ningekushauri vingine. Ohio ni mfano mzuri, kwa kuwa haiko mbali na njia zako. Mfanyakazi mkazi wa jimbo jingine, aliyekatiwa bima ya fidia huko, akiwa Ohio kwa muda usiozidi siku 90, kwa kawaida hurudishwa kwenye sheria ya jimbo lake. Paleti ileile, bega lilelile, kama ghala lingekuwa Toledo badala ya Joliet, jibu langu lingekuwa tofauti sana.

Utauliza kama tofauti ya Illinois na Indiana inastahili usumbufu wote huu. Kwa bega lililofanyiwa upasuaji, naamini inastahili. Majimbo yote mawili hulipa theluthi mbili ya mshahara wa wastani wa wiki kwa muda ambao huwezi kurudi kazini, lakini yanatofautiana kwenye kikomo. Tuseme wastani wako ni dola 1,500 kwa wiki, kiasi ambacho si cha ajabu kwa dereva wa masafa marefu. Theluthi mbili yake ni dola 1,000. Kikomo cha Illinois kinafuata wastani wa mishahara ya jimbo na kiko juu ya hapo, kwa hiyo utapata dola 1,000 kamili. Kikomo cha Indiana kimeandikwa kwa tarakimu ndani ya sheria yenyewe na kiko chini, kwa hiyo hutafika huko. Tazama hundi yako ya wiki hii: kama ni pungufu ya theluthi mbili ya wastani wako halisi, umeshaiona tofauti hiyo kwa macho.

Kuna pia suala la daktari. Indiana humpa mwajiri na bima yake haki ya kukuchagulia daktari. Illinois humwachia mfanyakazi kuchagua madaktari wawili na wale ambao hao watamwelekeza kwao, ingawa mwajiri mwenye mtandao ulioidhinishwa wa madaktari anaweza kukupunguzia uchaguzi huo. Kwa mtu wa bega hilo si jambo dogo, kwa sababu siku moja daktari ataandika kwamba unaweza kurudi kazini, na siku hiyo malipo ya wiki huanza kuhesabiwa mwisho wake. Ni vizuri mwandishi wa barua hiyo awe umemchagua wewe.

Tofauti kubwa zaidi, hata hivyo, huja mwishoni, wakati wa kuhesabu ulemavu wa kudumu. Indiana hutazama asilimia ya upungufu wa kiungo aliyoitoa daktari, kisha huizidisha kwa viwango vya sheria. Illinois huianza hesabu na asilimia hiyohiyo, lakini kwa ajali za kuanzia Septemba 2011 sheria inamtaka msuluhishi apime pia kazi ya mtu, umri wake, uwezo wake wa kupata kipato baadaye, na ushahidi wa ulemavu uliomo kwenye kumbukumbu za matibabu. Karani na dereva wanaweza kupewa asilimia moja na daktari, ilhali karani anarudi kwenye kiti chake na dereva hawezi tena kufunga turubai wala kukaza minyororo ya mzigo. Sheria ya Indiana haina nafasi pana ya kuiona tofauti hiyo. Ya Illinois inayo.

Sasa tuje kwenye hofu yako kwamba kwa kupokea hundi za Indiana umeshachagua. Historia yake ina mizunguko. Mwaka 1943 Mahakama Kuu iliamua kwamba mfanyakazi wa Louisiana aliyeumia Texas na kupewa tuzo ya fidia Texas hakuweza tena kwenda kudai kwao Louisiana. Mwaka 1947, katika shauri lililohusu Illinois yenyewe na Wisconsin, Mahakama ikaanza kulegeza kamba. Halafu mwaka 1980 likaja shauri la mfanyakazi wa kampuni ya gesi ya Washington, mji mkuu wa Marekani, aliyeumia mgongo upande wa pili wa mto, Arlington, Virginia. Alipokea tuzo ya Virginia, kisha akaomba nyongeza kwa viwango vya Washington, vilivyokuwa bora zaidi. Mahakama Kuu ikamruhusu, kwa sharti kwamba alichokwisha kupokea kikatwe kwenye kile anachoongezewa. Hivyo ndivyo mambo yalivyo leo kwa majimbo mengi: hulipwi mara mbili kwa jeraha moja, lakini unaweza kulipwa ile tofauti. Kila dola ya Indiana itahesabiwa kwenye dai la Illinois, na hilo ni haki.

Lakini zingatia kwamba uamuzi wa mwaka 1980 hauyalazimishi majimbo kuwa wakarimu. Jimbo linaweza kutunga sheria ya kumzuia aliyekwisha kupokea kwingine, na Ohio imefanya hivyo: aliyechagua kupokea fidia ya jimbo jingine kwa jeraha fulani hawezi kuja kuidai Ohio kwa jeraha hilohilo. Kwa dereva, basi, kanuni ya "pokea kwanza, uliza baadaye" ni salama katika jimbo moja na ya hatari katika jingine. Wewe una bahati ya jimbo la ajali yako.

Na hapa ndipo karatasi zako zinapohitaji macho. Kwa uzoefu wangu bahasha ya namna hiyo huwa na karatasi za aina tatu zilizochanganywa. Ya kwanza ni idhini ya kutoa kumbukumbu zako za matibabu. Hiyo unaweza kuisaini, ila uiwekee mipaka ya bega na tarehe, isiwe idhini ya kufukua maisha yako yote. Ya pili ni makubaliano ya malipo ya wiki, yanayotaja wastani wa mshahara wako. Kabla ya kusaini hakiki tarakimu hiyo kwa hundi zako za wiki 52 zilizotangulia ajali, kwa sababu wastani uliokosewa hapo hufuatana nawe hadi mwisho. Ya tatu ndiyo ya kuogopa. Ni tamko kwamba "ajira hii imejikita Indiana" au kwamba "sheria ya Indiana pekee ndiyo itakayotumika", au suluhu ya mwisho yenye maneno ya kuachilia madai yote, katika jimbo lolote. Kwa upande wa Kentucky, makubaliano ya maandishi kuhusu mahali ajira ilipojikita hutambuliwa na sheria kwa wafanyakazi wanaosafiri majimbo mengi, hivyo saini yako inaweza kuua hoja ya Kentucky papo hapo. Illinois haifungwi kirahisi hivyo: mfanyakazi hana uwezo wa kuachilia kiasi cha fidia yake bila idhini ya Tume ya Fidia ya Wafanyakazi ya jimbo hilo. Lakini kwa nini umtwishe wakili wako kazi ya kuifuta saini ambayo ungeweza kutoiweka? Angalia pia faili lako la kuanza kazi. Kampuni nyingi za malori huweka tamko la namna hii katikati ya rundo la fomu za siku ya kwanza, kati ya fomu ya benki na ya kipimo cha dawa.

Swali lako la mwisho, la bima kutoitaja Illinois, ndilo linalowatisha watu kuliko inavyostahili. Hati ya bima ya fidia inayotumika katika majimbo mengi ina ukurasa wa taarifa wenye kipengele cha 3. Sehemu A ya kipengele hicho hutaja majimbo ambayo bima inayafunika moja kwa moja, kwa mwajiri wako huenda ikawa Indiana peke yake. Sehemu C hutaja majimbo mengine ambayo mwajiri anaweza kuingia baadaye. Mara nyingi huandikwa kwamba ni majimbo yote isipokuwa yale ya sehemu A pamoja na North Dakota, Ohio, Washington na Wyoming, ambayo bima hii huuzwa na mfuko wa jimbo wenyewe. Mwajiri akianza kazi katika jimbo la sehemu C baada ya hati kuanza kutumika, bima humfunika kana kwamba jimbo hilo limeandikwa sehemu A, ilimradi aiarifu kampuni ya bima mara moja. Lakini kama tayari alikuwa na kazi katika jimbo hilo siku hati ilipoanza, na hakulitaja wala kutoa taarifa ndani ya siku 30, kampuni ya bima ina hoja ya kukataa. Kampuni ya Indianapolis inayopeleka mizigo Joliet kila wiki kwa miaka haiwezi kudai kwa urahisi kwamba Illinois iliizukia ghafla.

Hayo yote, hata hivyo, ni mambo baina ya mwajiri na bima yake. Deni la fidia ni la mwajiri kwanza. Bima ni mfuko anaotumia kulilipa. Tume ya Illinois ikikupa tuzo na bima ikakataa, mwajiri atadaiwa mwenyewe, na jimbo lina mfuko wa wafanyakazi walioumia kazini kwa waajiri wasio na bima, ambao hulipa kwa kadiri ya fedha zilizomo. Tovuti ya Tume ina sehemu ya kutafuta bima ya mwajiri kwa jina na tarehe ya ajali, na wakili wako aitazame kabla ya jambo lingine lolote. Ikionekana kweli hakuna bima ya Illinois na kampuni yenyewe ni ya malori manne ya kukopa, hesabu inabadilika: fidia ndogo ya Indiana yenye kampuni ya bima nyuma yake inaweza kuwa na thamani kuliko tuzo kubwa ya Illinois isiyo na wa kuilipa. Sijaona hilo likitokea mara nyingi, lakini likitokea huwa linauma.

Ushahidi wako unaozeeka haraka kuliko wote ni logi za kielektroniki za lori. Kanuni za serikali kuu zinamtaka msafirishaji azitunze kwa miezi 6 tu, na baada ya hapo anaweza kuzifuta bila kosa. Ndizo zitakazoonyesha uliegesha wapi usiku, ulianzia wapi safari zako, na Indianapolis uliigusa mara ngapi. Ziombe sasa kwa barua au barua pepe, si kwa mdomo, pamoja na hati za mizigo ya siku ya ajali. Fomu ya W-2 inayoonyesha kodi ilikatwa jimbo gani itasaidia kidogo, lakini usiitegemee. Kodi ina kanuni zake na fidia ina zake.

Usisahau pia yule mwendesha foklifti. Yeye si mwajiriwa mwenzako, kwa hiyo kinga inayomlinda mwajiri wako dhidi ya kesi ya madai haimlindi yeye wala mwajiri wake. Kwa ajali ya Illinois una miaka 2 ya kufungua kesi hiyo mahakamani, mbali kabisa na dai la fidia, na humo unaweza kudai maumivu na mateso, ambayo fidia ya wafanyakazi hailipi. Ukishinda, mwajiri wako au bima yake ana haki ya kurudishiwa sehemu ya alichokulipa. Picha za mahali mizigo inaposhushiwa na jina la kampuni inayoendesha ghala, ambayo mara nyingi si ile yenye jina kubwa ukutani, ni muhimu hapa.

Kwa wasomaji wengine wa swali hili, nina maneno mawili ya haraka. Dereva anayelipwa kwa 1099, yaani kama mkandarasi wa kujitegemea, hapaswi kudhani kwamba jibu hili ni lake. Majimbo kadhaa, Indiana ikiwemo, humtoa dereva mwenye lori lake la kukodisha kwa kampuni kwenye maana ya mfanyakazi, na ile bima ya ajali kazini ambayo wengi hukatwa kila wiki ni mkataba wa kibiashara wenye vikomo, si fidia ya sheria. Na asiye na hati za kufanyia kazi asikae kimya kwa hofu. Sheria ya Illinois inawajumuisha wageni, na ya Kentucky inataja wazi kwamba mfanyakazi ni mfanyakazi hata kama ameajiriwa kinyume cha sheria.

Kwako wewe, tafuta wakili mwenye leseni ya Illinois anayeshughulikia fidia za wafanyakazi, hata kama ofisi yake iko mbali na Louisville. Hutamlipa kitu mwanzoni, na ada yake kwa kawaida haizidi asilimia 20 ya anachokupatia, chini ya usimamizi wa Tume. Mwombe afungue ombi la fidia Illinois sasa, wakati malipo ya Indiana yanaendelea, badala ya kungoja yakatike. Ukiona kwamba Kiingereza cha kisheria kinakuzidi, mwambie mapema kwamba utahitaji mkalimani wa Kiswahili siku ya kutoa ushahidi, na msikubali jamaa wa kampuni akukalimanie. Afisa wa madai akipiga simu kuuliza karatasi zimefikia wapi, mjibu kwa adabu kwamba ziko kwa wakili, umpe namba ya wakili, na mazungumzo yaishie hapo.